Masomo 16: shajara ya mjomba mtu

12 Novemba 2023

Jana nimepata aibu ndogo uwanjani, ndiyo maana leo nimenunua daftari. Kocha wa mbio wa shule ya mpwa wangu alinivuta pembeni akaniuliza, "Ana masomo mangapi ya msingi?" Nikamjibu bila kusita kwamba mtoto hajafeli somo hata moja tangu aingie shule hii. Akanitazama kwa huruma. Mambo ya kufeli hakuyauliza.

Mpwa wangu yuko darasa la 11 hapa Louisville, Kentucky. Anakimbia mbio za nyika, na uwanjani anakimbia mita 1,600. Kocha wa chuo kimoja cha Ohio, Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, amemwandikia. Muda wake wa kilomita 5 hakuuuliza, alishaujua. Anataka vitu viwili tu: namba ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na transkripti, karatasi ya masomo na alama zake.

Dada yangu, mama yake, anafungasha nyama kiwandani kuanzia alfajiri. Mimi niko ghalani zamu ya jioni. Kiingereza cha makaratasi kwenye ukoo huu ni mzigo wangu tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa hiyo na huu nimeubeba.

13 Novemba 2023

Nimerudi kazini saa sita usiku, nikakaa jikoni na simu na chupa ya chai mpaka saa tisa. Nimeelewa hivi.

NCAA ina ofisi yake Indianapolis, Eligibility Center, inayopima kama mwanafunzi anastahili kuchezea chuo mwaka wa kwanza. Divisheni ya Kwanza inataka masomo ya msingi 16, kila moja likihesabiwa kwa mwaka mzima: Kiingereza miaka 4, hisabati 3 kuanzia Algebra 1, sayansi 2 (moja iwe ya maabara kama shule inayo), mwaka 1 zaidi wa lolote kati ya hayo matatu, sayansi ya jamii 2, halafu 4 ya ziada kutoka hayo hayo au lugha ya kigeni, falsafa au dini linganishi. Wastani usishuke chini ya 2.3 kati ya 4, na unahesabiwa kwa masomo hayo peke yake. A ya michezo na A ya kupika hazimo. SAT na ACT, mitihani ya kuombea chuo, ziliondolewa kwenye kipimo hiki Januari 2023, angalau hapo tumepona.

Ila somo kuwa na jina zuri haitoshi. Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa na NCAA, na mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni kwa namba ya shule, tarakimu 6. Somo lisilokuwa kwenye orodha ni kama hukulisoma.

Nikaweka rula kwenye transkripti ya mpwa wangu, nikashuka mstari kwa mstari. Darasa la 9: ESL ya wanaoanza, yaani Kiingereza cha wageni, haimo. Sayansi ya jumla, haimo. Algebra 1 imo, alipata D. Afya, michezo, sanaa, hazimo. Darasa la 10: Kiingereza 1, Jiometri, Biolojia na Historia ya Dunia, zote zimo, zote C.

Miaka miwili ya shule, masomo 5. Nilihesabu mara tatu, mara ya tatu kwa vidole.

14 Novemba 2023

Kuna la pili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kati ya yale 16, lazima 10 yawe yamekwisha kabla ya muhula wa saba, yaani kabla hajaanza darasa la 12. Na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Darasa la 12 likishaanza, yale 10 yanafungwa na alama zake. Hata ukirudia somo ukapata A, kwa NCAA ya Divisheni ya Kwanza ile D ya Algebra inabaki D.

Mwaka huu anasoma Kiingereza 2, Algebra 2, Kemia na Historia ya Marekani. Akipita yote, kiangazi cha 2024 kitamkuta na 9. Kiingereza 2, hisabati 3, sayansi 2: zile 7 zipo. Za jumla ndizo zinapungua. Linakosekana somo moja.

Bahati moja nimeigundua leo. Saa ya NCAA inaanza kugonga mtoto anapoingia darasa la 9, popote duniani, na makaratasi yote kuanzia hapo yanadaiwa. Mpwa wangu alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, Machi 2021, ile ya mwaka 2020 iliyosogezwa na korona. Barua ya kidato cha kwanza ilikuwa mkononi, lakini ndege ikawahi. Tulimpokea Julai yeye na mama yake, na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, kifuani. Angekaa kidato cha kwanza hata muhula mmoja, leo ningekuwa natafuta mtu wa kwenda kugonga mlango wa mwalimu mkuu Kakuma.

9 Januari 2024

Kikao na mshauri wa shule. Dada yangu aliomba ruhusa kazini, akaja na kitenge chake cha kanisani. Shule ikapiga simu kwa mkalimani, ikawekwa mezani kwa sauti kubwa.

Mshauri akasema mtoto ana tatizo la ustahiki. Mkalimani, sauti ya kiungwana kabisa, ya pwani, akatafsiri: "Wanasema kuna tatizo la uhalali wa mtoto."

Dada yangu akashika mkoba kwa mikono miwili. "Uhalali gani tena? Grinikadi si tumepewa?" Ikabidi niingilie. Dakika kama tano zilipita kabla hajaamini kwamba hakuna anayemrudisha mtu Kenya, ni hesabu ya masomo tu. Hata hivyo ule mkoba hakuuachia mpaka kikao kikaisha.

Tulichopata: mpwa amefunguliwa akaunti ya Eligibility Center na ana namba. Kuna ada, lakini mshauri ameomba msamaha wa ada kwa niaba yetu, ni haki ya familia za kipato chetu.

Tulichopoteza: Kiswahili. Darasa la 10 alifanya mtihani wa Kiswahili kwenye kompyuta, kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, na shule ikampa krediti 2 za lugha ya kigeni. Nilikuwa nimeziweka akiba kwenye yale masomo 4 ya ziada. Mshauri akafungua ukurasa akanionyesha: krediti ya mtihani mtupu NCAA haiihesabu. Mtu lazima awe amekaa darasani na mwalimu. Lugha aliyozaliwa nayo, aliyoijua kabla ya kutembea, imekataliwa kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Mpwa alicheka. Mimi bado.

3 Februari 2024

Nimelipa! Kiingereza 3 mtandaoni, dola 240. Tovuti inasema shule yao ina ithibati, na somo la mwaka mzima linaweza kuisha kwa wiki 3. Kwa nini nisubiri kiangazi? Ataanza Jumatatu, baada ya mazoezi.

11 Februari 2024

Dola 240 zimeliwa, na nimezila mimi.

Kocha aliniuliza namba ya shule ya hiyo tovuti. Nikamtumia. Akaitafuta kwenye orodha za NCAA: hakuna Kiingereza 3, hakuna kitu. Ithibati wanayo kweli, hawakunidanganya. Ila ithibati ni jambo moja na orodha ya NCAA ni jambo lingine, na mimi nilisoma neno moja nikalipa kwa maneno mawili. Nimeomba warudishe pesa. Siku za kurudishiwa zilikuwa 3, na mimi niko siku ya nane.

Jambo lenyewe lilipaswa kunishtua mapema. Kwa siku saba tu mpwa alishamaliza robo ya mwaka. Anasoma ukurasa, anajibu maswali ya kuchagua, akikosa anarudia maswali yale yale mpaka apate. Nikamuuliza mwalimu wake anaitwa nani. Akageuza skrini huku na huku. "Sijaona, mjomba."

2 Machi 2024

Wiki tatu nimekuwa nikisoma kanuni za masomo ya mtandaoni wakati wa mapumziko kazini. Mwaka 2010 NCAA ilizikaza, kwa sababu wanariadha walikuwa wakimaliza somo la mwaka mzima kwa siku chache na kupandisha wastani kimiujiza. Tangu hapo swali lao kubwa ni lile nililomuuliza mpwa: mwalimu yuko wapi?

Lazima mwalimu na mwanafunzi wawasiliane mara kwa mara muda wote wa somo, katika kufundisha, kusahihisha na kusaidia. Lazima somo liwe na muda maalumu wa kukamilika, na shule iweze kusema anayekwenda mbio kabisa huchukua muda gani na anayekwenda polepole huchukua muda gani. Kazi za mwanafunzi zihifadhiwe, wakitaka kuzikagua wazione. Liwe somo la kumwandaa mtu kwa chuo, na liingie kwenye transkripti.

Yale masomo ya kufidia alama mbaya, yanayofanyika shuleni kwenye chumba cha kompyuta mchana, nayo yanapimwa kwa mizani hiyo hiyo. Nilikuwa na wazo arudie Algebra 1 humo ili aifute D kabla haijafungwa. Mshauri ameangalia: toleo la kufidia halimo kwenye orodha ya shule. Basi, D itakaa.

Kwa hiyo utaratibu wangu mpya, ninauandika kwa herufi kubwa ndani ya jalada: NAMBA YA SHULE, JINA LA SOMO KWENYE ORODHA, JINA LA MWALIMU, KIBALI CHA MSHAURI KWA MAANDISHI. Vinne vikishapatikana, ndipo pesa itoke.

27 Aprili 2024

Tumepata. Ni programu ya mtandaoni, Kiingereza 3 imo kwenye orodha, sehemu A na B, wiki 8 za kiangazi. Mwalimu ana jina, ana picha, ana saa za kupigiwa simu ya video Jumanne na Alhamisi. Mshauri amesaini kibali. Ni dola 390.

Nilisema ni zamu yangu kutoa kwa sababu ya lile kosa la Februari. Dada yangu akakataa. Akaomba wenzake wampe zamu yake ya likelemba, upatu wao, mapema, mama mmoja wa Uvira, Kongo, akampisha. Kwa hiyo Kiingereza 3 ya mpwa wangu imelipiwa na akina mama kumi, na saba kati yao hawasomi Kiingereza.

1 Juni 2024

Matokeo ya darasa la 11: Kiingereza 2 B, Historia B, Algebra 2 C, Kemia C. Amefika 9.

11 Juni 2024

Siku ya pili ya somo. Nimefungua kurasa mpya nyuma ya daftari, safu nne: tarehe, nani ameanza kuandika, kuhusu nini, ushahidi uko wapi. Kila ujumbe wa mwalimu mpwa anaupiga picha ya skrini na kunitumia. Anasema nakaa kama askari wa mpakani. Sawa. Siku wakiuliza mwalimu alikuwa wapi, nitawafungulia kurasa.

20 Juni 2024

Insha ya kwanza ilirudi na 62.

Ilikuwa insha ya kushawishi. Mpwa aliandika kuhusu bomba la maji Kakuma, kwamba foleni ya maji inawanyima wasichana muda wa shule. Mimi niliisoma kabla hajaituma, nikaiona nzuri sana. Inaanza na jua, vumbi, madumu ya njano yaliyopangwa mstari, nani ni jirani wa nani, mama mmoja mwenye utani mwingi. Aya ya tatu ndipo anasema anachotaka kusema.

Mwalimu ameandika pembeni, wino mwekundu wa kompyuta: "Hoja yako nimeikuta aya ya tatu. Ilete juu." Mpwa hakuelewa, na mwanzoni na mimi sikuelewa. Kwetu mtu haingii mlangoni na shida mdomoni. Anabisha hodi, anasalimia, anauliza watoto, anakunywa maji, ndipo anasema kilichomleta. Jumanne mwalimu akampigia kwa video, dakika 15, nikiwa nimeketi upande wa pili wa meza, nimejificha nyuma ya sufuria ya maharage. Akamwambia, kwa upole kweli, hivi: msomaji wako wa Kimarekani amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, mwambie kwanza umekuja kwa nini, akishakaa ndipo umweleze habari za madumu.

Mpwa akaipindua insha usiku ule ule. Sentensi ya kwanza sasa: "Msichana anayepanga foleni ya maji saa tatu kwa siku hawezi kushindana na mvulana asiyepanga." Madumu ya njano yako aya ya pili. Yule mama wa utani amekatwa, nimemsikitikia.

Imerudi leo na 84.

8 Julai 2024

Anataka kukimbia somo kama anavyokimbia uwanjani. Wikendi alimaliza moduli mbili, akafika ya tatu akakuta imefungwa mpaka mwalimu asahihishe zilizotangulia. Kakasirika. Mimi nimefurahi, kufuli hilo ndilo tulilolilipia.

Kwenye kurasa za nyuma nimefika mawasiliano 31.

26 Julai 2024

Mtihani wa mwisho unataka msimamizi. Shule imefungwa, mshauri yuko likizo. Mkutubi wa maktaba ya mtaa amekubali, akamkalisha chumba cha kioo, akachukua simu yake akaiweka kwenye droo. Saa mbili. Mimi nilikaa nje kwenye sehemu ya watoto, kwenye kiti cha kimo cha goti.

5 Agosti 2024

B. Masomo 10, na 7 yako mahali pake. Ya nane ni hii hii Kiingereza 3. Shule inafunguliwa wiki hii, na lango la muhula wa saba limefungwa yeye akiwa ndani.

Sasa hesabu ya wastani. NCAA haijui C+ wala C-, C ni C: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Algebra 1 pointi 1. Zile C nne za darasa la 10, pointi 8. Darasa la 11, pointi 10. Kiangazi, 3. Jumla 22 kwa masomo 10, wastani 2.2. Masomo 16 mara 2.3 ni 36.8, maana yake anahitaji pointi 37. Amebakiwa na masomo 6 ya kutafuta pointi 15.

B tatu na C tatu. Hakuna nafasi ya D, labda kuwe na A ya kuifidia.

Nimemweleza na njia nyingine. Akiwa kati ya 2.0 na 2.3 Divisheni ya Kwanza inamruhusu msaada wa masomo na mazoezi ya muhula wa kwanza, lakini hashindani mwaka mzima. Divisheni ya Pili inataka 16 pia, ila kwa 2.2, na haina lile sharti la 10 na 7. Divisheni ya Tatu kila chuo kinajipangia, na haitoi udhamini wa michezo. Aliniacha nimalize, halafu akasema, "Mjomba, 37." Akaiandika kwa kalamu ya wino kwenye mkono, kama wanavyoandikwa namba za mbio.

18 Septemba 2024

Masomo ya mwaka: Kiingereza 4, Fizikia, Serikali na Uchumi, Saikolojia na Sosholojia, Kifaransa 1, na Sayansi ya Mazingira mtandaoni kwenye programu ile ile kwa sababu ratiba ya shule haikuwa na nafasi tena. Mwalimu ni mwingine, anajibu kwa mistari miwili na nukta. Lakini anajibu.

Kifaransa nilikichagua kwa ujanja. Bibi yake, mama yetu, alisomeshwa na masista, akawa anatugombeza kwa Kifaransa na kutubembeleza kwa Kiswahili. Mpwa hakuwahi kukisoma, amekisikia tu dukani na kanisani. Lakini sikio analo.

13 Novemba 2024

Amesaini na chuo cha Ohio. Ile barua ya zamani ya NLI, ya kuahidi kujiunga na chuo, imefutwa Oktoba, sasa ni makubaliano ya msaada wa fedha moja kwa moja na chuo. Shuleni kulikuwa na keki na kofia. Dada yangu alipiga vigelegele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akatoka nje. Kila mtu alinipa mkono wa pongezi, nami nilikuwa nimesoma ukurasa wa pili: yote hayo ni iwapo atatimiza ustahiki.

Fizikia kwa sasa ni D.

22 Januari 2025

Fizikia bado D. Nimemtafutia kijana wa chuo amsaidie Jumamosi. Kijana anasema shida yake si hesabu, ni maneno ya swali. "Gari linaongeza kasi kwa kiwango kisichobadilika" kwa Kiingereza linampotezea dakika nzima. Akishaelezwa kwa Kiswahili anapiga hesabu bila kuinua kichwa.

1 Aprili 2025

Leo wanaoanza chuo Agosti wanafunguliwa ombi la mwisho la hali ya uridhaa, yaani kuthibitisha kuwa si mwanariadha wa kulipwa. Tuliketi pamoja kujibu. Umewahi kupokea zawadi kwa kushindana? Mpwa akaacha kuandika. "Kakuma nilishinda ndoo na madaftari sita." Tukatazamana. Nikamwandikia kocha wa chuo. Jibu lilikuja na vicheko vitatu, na kwamba ndoo haina tatizo.

30 Mei 2025

Matokeo ya mwisho. Naandika kwa mpangilio nilioyapokea kwa simu, nikiwa juu ya foklifti, jambo ambalo haliruhusiwi.

Kiingereza 4, B. Serikali na Uchumi, B. Saikolojia na Sosholojia, C. Mazingira, C. Fizikia, D.

Hapo nilisimamisha foklifti. 3, 3, 2, 2, 1: pointi 11. Zilizobaki ni 4, na somo lililobaki ni moja.

Kifaransa, A.

37.

10 Juni 2025

Tarehe 6 jaji ameidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanariadha dhidi ya NCAA, na vyuo vinavyojiunga vina kikomo kipya cha wanariadha, mbio za nyika 17. Tuliogopa siku mbili. Kocha amepiga mwenyewe: nafasi yake ipo.

3 Julai 2025

Transkripti ya shule imefika Eligibility Center, pamoja na uthibitisho wa kuhitimu. Ya programu ya mtandaoni imefika pia, lakini haijaunganishwa. Kwenye akaunti bado anaonekana na masomo 14.

Nimekaa nikazilinganisha. Shule imemwandika majina matatu kama yalivyo kwenye karatasi za UNHCR, jina la babu mwishoni. Programu ilimwandika mawili, na lile la mwisho ni la baba yake. Tarehe ya kuzaliwa haisaidii, 1 Januari, kama nusu ya watu waliotoka kambini. Kwa kompyuta ya Indianapolis hao ni wasichana wawili, mmoja ana masomo 14, mwingine ana 2.

Na huyo wa majina mawili nilimsajili mimi, Aprili mwaka jana, nikifupisha ili kisanduku kitoshe.

9 Julai 2025

Mshauri wa shule, likizoni, amewaandikia barua. Programu imetoa transkripti upya kwa majina matatu. Nimemtumia mshauri kilo ya kahawa.

17 Julai 2025

Saa nne asubuhi, nikiwa usingizini baada ya zamu, mpwa ameingia bila kubisha hodi, bila shikamoo. "Nimestahiki." Kisha akakumbuka, "Shikamoo mjomba."

Kwenye skrini: masomo 16, wastani 2.312. Kurasa zangu za nyuma za mawasiliano ya walimu, zile za kiangazi na nyingine 40 za msimu wa pili, hakuna aliyeziomba.

2 Agosti 2025

Chuo kimetuma orodha ya vitu vya kwenda navyo bwenini. Shuka ziwe za saizi inayoitwa twin XL. Dada yangu amenunua mbili nzuri za maua sokoni, dola 18, na tumezijaribu kwenye godoro la hapa zikatosha vizuri. Leo mpwa amesoma tena orodha na kutuambia kitanda cha bweni ni kirefu zaidi ya hiki kwa inchi 5. Risiti ilitupwa. Dada yangu ametoa cherehani chini ya kitanda na kipande cha kitenge cha kanisani, anaunga.